Nguo ya Mwisho ya Mzee Nanji

Siku ya kwanza tulipojuana, Mzee Nanji alinichomea bidhaa.

Ilikuwa mwaka 1998, Marshalltown, Johannesburg, kwenye meza yangu karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nilikokuwa nauza vitenge, khanga na shuka. Akaja mzee wa Kihindi, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, akaanza kupapasa shuka nyeupe moja baada ya nyingine. Wateja wa namna hiyo nawajua. Wanapapasa nusu saa, kisha wanaaga. Nikamwambia Jeannine, Mkongomani wa meza ya pili, "Huyu amekuja kuota joto la mikono tu."

"Nimekuja kutafuta pamba," mzee akajibu, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu mimi wa Morogoro. "Na hii si pamba."

"Ni pamba tupu, mzee."

Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akatoa kiberiti mfukoni, akauwasha. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu.

"Pamba huacha majivu," akasema. "Hii imeacha plastiki. Wewe umeuziwa, au unaniuzia?"

Jeannine alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa yule tajiri wa jumla aliyeniuzia nikiwa na kiberiti changu mwenyewe, nikachoma uzi mbele ya wateja wake, na nikatoka pale na mzigo wa pamba ya kweli kwa bei niliyoitaja mimi. Mzee Nanji akawa wa kwanza kununua. Tangu hapo akawa anakuja kila mwezi, ananunua mita zake, anakaa kwenye kiti changu cha plastiki na kuongea. Mume wangu Sipho, aliyejifunza Kiswahili Morogoro miaka yake ya ukimbizini, alikuwa akimwita Profesa. Alisema kwa utani, lakini hakukosea sana.

Mzee Nanji alizaliwa Tanga mwaka 1934. Baba yake alitoka Ahmedabad, katika watu ambao zamani walikuwa hawaruhusiwi kuingia hekaluni. Watu hao wakajitengenezea hekalu la nguo. Ni kitambaa cha pamba, katikati amechorwa Mama, mungu wao, amempanda mnyama wake, na pembeni wapiga ngoma na wenye kubeba sadaka. Ukikitundika kwenye miti minne, hapo ni hekalu. Ukikikunja, unakitia kwapani unakwenda zako. Wenyewe wanaiita pachedi. Ina rangi nyekundu na nyeusi, na weupe wake ni weupe wa nguo yenyewe.

Akiwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa kwa babu yake Ahmedabad, akakaa miaka sita, akarudi Tanga akiwa fundi kamili wa kitu ambacho Tanga hakuna aliyekihitaji. Basi akaandika vibao. Akaandika majina ya maduka, ubavu wa malori, milango ya ofisi za mkonge, akachora vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye kuta za vinyozi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha miaka arobaini. Pachedi alichora Jumapili.

Na aliandika. Alikuwa na madaftari ya shule thelathini na saba, yale ya mistari, yote kwa Kigujarati. Mara tatu alifunga safari kwenda India, akazunguka nyumba hadi nyumba kwa wachoraji wazee na kuwauliza swali moja: maji yako unayatoa wapi? Maana kwa maoni yake wekundu wa nguo unatokana na maji, na kila mto una wekundu wake. Katika kila ukurasa alibandika ukanda mwembamba wa nguo, na chini yake akaandika jina la mto, mwezi, na aliyeosha. Alinionyesha. Sabarmati ulikuwa mwekundu wa matofali. Pangani ulikuwa umeiva zaidi, unakaribia zambarau. Mimi ni mtu wa vitambaa, sikuwa na la kubisha, tofauti ilionekana.

"Na haya nani anayasoma?" nikamuuliza.

"Leo ni wewe," akasema. "Na hujui Kigujarati."

Alikuja Johannesburg mwaka 1996, mkewe alipofariki. Mtoto wao mmoja, Hansa, alikuwa ameolewa na mtu wa Fordsburg waliyesoma naye India, mwenye duka la misumari, rangi na mabomba. Mkwe alimpa ua wa nyuma ya duka afanyie mambo yake. Wiki ya kwanza tu mzee alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake "Johannesburg", na ukurasa ukabaki hivyo. Mji huu umejengwa juu ya mgongo wa mlima. Mvua ikinyesha inakimbia upande huu na upande ule, haina mto wa maana wa kuisubiri.

Mwaka 2003 alimaliza nguo kubwa ya kwanza aliyoichora hapa. Ilimchukua miezi minane. Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa nilichokifanya. Mistari myeusi huchorwa kwa maji ya vyuma vyenye kutu vilivyolowekwa na sukari guru. Mahali panapotakiwa kuwa pekundu hapapakwi rangi. Hupakwa shabu, yale mawe meupe ya kushikisha rangi, iliyosagwa na kuchanganywa na uji wa mbegu za ukwaju, na shabu ikikauka huioni. Kisha nguo huoshwa kwenye maji yanayokimbia, ili shabu iliyozidi ichukuliwe na maji iende mbali. Ndipo inachemshwa na mizizi myekundu. Penye shabu wekundu unang'ata, pasipo na shabu panabaki peupe. Yaani ukikosea kuosha hujui. Unajua nguo ikitoka sufuriani.

Mkwe alikuwa ameahidi kumpeleka mtoni upande wa Midrand mvua zikikata. Lakini paa la uani lilikuwa linavuja, mzee akaniomba nimtunzie nguo nyumbani kwangu Hillbrow kwa siku chache.

Nikaitazama. Ilikuwa imekakamaa, inanuka ukwaju na kutu. Sasa mimi nyumbani kwetu nimefundishwa kwamba khanga mpya haivaliwi kabla haijalowekwa kwenye maji ya chumvi, rangi ishike. Mama alifanya hivyo, na bibi alifanya hivyo. Nikasema, huyu mzee macho yamechoka, mgongo umechoka, ngoja nimpunguzie kazi. Nikajaza bafu, nikatia chumvi konzi mbili, nikailoweka kutwa nzima. Nikaianika. Nikaipiga pasi.

Nilipompelekea aliishika tu, akajua.

"Imeoshwa."

"Nimekusaidia, mzee."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba. Kwenye bafu. Na chumvi kidogo."

Akavuta kopo la rangi akalikalia. Nilingoja matusi, nilikuwa nayastahili. Akasema tu, "Tuichemshe. Tuone."

Ilitoka nyekundu yote. Mama alikuwa mwekundu, wapiga ngoma wekundu, mpaka anga nyekundu. Ni yule mnyama wake tu, mbuzi, aliyebaki mweusi, maana huyo alikuwa wa kutu. Shabu ilikuwa imeogelea bafuni kutwa nzima ikakaa kila mahali. Mzee akamwita Hansa alete daftari na mkasi. Akakata ukanda, akaubandika kurasa za mwisho, ambako alikuwa akiweka makosa, akaandika.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"'Bafu, Hillbrow. Maji yaliyosimama. Chumvi. Rosalia.'"

Sikuwa nimewahi kuandikwa kwenye kitabu, na ndivyo nilivyoandikwa.

Mwaka huohuo daktari alimwambia ana presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, na kilicholiwa hakirudi. Hansa ndiye aliyenipa habari, amesimama mezani kwangu na pochi kakumbatia. "Daktari anasema mwaka mmoja, labda miwili. Anataka kuchora moja tena, dada Rosalia. Hii ikiharibika hakuna nyingine."

Ilimchukua mwaka na nusu. Mwanzoni alichora akiwa amekaa, baadaye ameinama, mwishoni pua ilikuwa inakaribia kugusa nguo, na Hansa pembeni anamwambia mstari umefika wapi. Alimchora Mama juu ya mbuzi mweusi, na wapiga ngoma kumi na mmoja. Alipomaliza kupaka shabu, mwaka 2005, alikuwa anamtambua mtu kwa sauti.

Kutafuta maji nikajipa mimi. Sikutumwa. Kwanza tulikwenda na mkwe kwenye ule mto wa Midrand. Mzee akashuka kwa kushikiliwa, akachovya uzi, akaunusa.

"Haya yameshaosha mji mzima," akasema. "Twende nyumbani."

Nikauliza walinzi, wachuuzi, mafundi bomba, kila apitaye mezani. Mwisho nikapata maji mitaa michache tu kutoka pale ninapouzia, nyuma ya duka la matairi. Kulikuwa na Mkongomani, Hénock, anaosha magari. Jengo lile stoo yake ya chini hutoa maji ardhini, pampu inayasukuma nje mchana kutwa yasifurike, na yeye alikuwa ameyachimbia mfereji wa saruji, mrefu, wenye mteremko. Maji yalikuwa safi, baridi, yanakimbia. Mahali pale alipaita Bethesda, kama lile birika la kwenye Biblia. Jina lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye kipande cha boksi.

Nikamleta mzee. Hénock akasikiliza, akaitazama nguo.

"Maji iko mingi, mama. Lakini ule mwanamke wa juu ya mbuzi ni nani?"

"Ni mungu wao."

"Ah, non! Mimi ni mtu wa kanisa. Hapa tunaomba kila asubuhi mbele ya kufungua. Siwezi kuosha sanamu mu Bethesda."

Mzee Nanji akageukia ilikotoka sauti. "Baba, magari ya waganga huyaoshi?"

"Naosha. Gari ni gari."

"Na buti huwa unafungua uone kuna nini?"

Hénock akacheka bila kupenda. "Huyu mzee ni avoka," akasema, yaani wakili.

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikatia mguu. "Hénock, kile kiboksi chako nani anakisoma? Mzee huyu ameandika vibao vya Tanga nzima. Atakupigia ukuta wote, herufi kimo cha mtoto. Wewe unampa mfereji Jumatatu asubuhi, kwa muda wa saa mbili, bila tone la sabuni."

"Saa mbili bila sabuni! Mateksi yatanikimbia yote."

"Saa moja na nusu."

"Saa moja."

"Saa moja na nusu, na herufi anazitilia kivuli. Herufi yenye kivuli inaonekana toka kwenye robot."

Akautazama ukuta wake. "Kivuli ya rangi gani?"

Hapo nikajua nimempata.

"Lakini mbuzi asionekane kwa ukuta yangu!"

"Hatakuwepo," mzee akasema.

Siku tatu mzee aliandika ule ukuta kwa uzi na chaki, anapima kwa viganja, Hansa akimwambia kulia, kushoto, basi hapo. BETHESDA, bluu, kivuli chekundu. Madereva walikuwa wanasimama kutazama. Kwa macho yake yale, herufi hazikupishana kimo hata kidogo.

Jumatatu tukaosha. Mzee alikunja suruali akaingia mferejini, miguu yake imekonda kama ya kuku, akashika upande mmoja, Hansa upande wa pili. Mimi niliambiwa nivue viatu na nikae katikati, nizuie nguo isijikunje. "Isijikunje, isisimame, isirudi nyuma," alirudia kila baada ya dakika. "Rosalia, inakwenda?" "Inakwenda, mzee." Maji yalikuwa yanapita juu yake na kutoka na unjano hafifu. Ule unjano ndio uji wa ukwaju na shabu iliyozidi, vinatoroka.

Dereva mmoja wa teksi, amengoja saa nzima, akachoka. "Hey, gogo, bibi we, hilo blanketi lako litakauka lini?" akapiga kelele, akamwaga ndoo yake mwenyewe ya povu kwenye gari, juu kabisa ya mfereji. Hénock alimrukia kama anayekamata mwizi. Alikwishachelewa kidogo. Niliona ulimi wa povu unashuka, nikatupa mguu wangu kuuzuia, nikaugeuza pembeni. Sehemu ilipita. Hansa aliona, mimi niliona. Mzee hakuona, ila alinusa.

"Nini hicho?"

"Imekwenda pembeni, mzee."

Hakuuliza tena.

Alasiri tukachemsha uani Fordsburg, pipa zima juu ya kuni, mkwe anakoroga kwa mti huku ameshavua tai. Mzee alikaa kwenye kopo lake la rangi. Ilipotoka, tukaisuuza, tukaitandaza juu ya kamba, tukaizunguka kuitazama.

"Semeni basi," mzee akasema.

"Ni nzuri, Bapuji," Hansa akasema. "Nzuri sana."

"Wewe ni mwanangu, lazima useme hivyo. Rosalia, hebu njoo." Nikaenda. Akanishika kifundo cha mkono. "Wewe kazi yako kusifu vitambaa. Sasa usiniuzie. Niambie."

Nikaisogelea nguo nikaitazama kama ninayeinunua, maana hivyo ndivyo ninavyojua kutazama.

"Uso wa Mama ni mweupe."

"Macho?"

"Meupe, na mboni nyeusi. Mikono yote minane, mistari yake imekaa. Vazi lake jekundu, halikuvuka mpaka. Mbuzi mweusi. Meno ya mbuzi meupe."

"Wapiga ngoma?"

Nikaanza mmoja mmoja, kutoka kulia. Nilipofika wa kumi nikasita. Hansa alinitazama, akatikisa kichwa taratibu: acha. Na kweli, nani angejua? Mzee asingeona tena maisha yake. Mkwe alikuwa anatazama moto. Neno moja tu, "weupe", na biashara imekwisha, kila mtu anakwenda kulala na furaha yake.

"Wa kumi na moja," nikasema, "kona ya chini, kushoto. Pana doa la waridi, kiasi cha kiganja cha mtoto. Limekula mguu wake na ukingo."

Hansa akafumba macho.

Mzee Nanji akauachia mkono wangu, akavuta pumzi ndefu. "Ile ndoo ya dereva," akasema. Kisha uso wake wote ukalegea, akaanza kutabasamu. "Basi hayo mengine yote uliyosema ni kweli."

Akaomba mkasi. Hansa alidhani atakata ukanda kwenye ukingo wa juu, mahali pasafi. Mzee akapapasa mpaka kona ya chini.

"Bapuji, hapana! Hapo ndipo penye doa."

"Ndiyo. Penye wekundu mzuri peke yake utamfundisha nani?"

Akakata, nusu nyekundu, nusu waridi. Hansa akafungua ule ukurasa uliokaa mtupu miaka tisa, akabandika, akaandika anavyoambiwa, na akanifasiria: "Johannesburg. Maji ya chini ya jengo, Bethesda, kwa Hénock. Novemba 2005. Waliosha: Nanji, Hansa, Rosalia. Doa ni la sabuni. Dereva, jina halijulikani." Kwenye makosa nimo peke yangu, huku nimo wa tatu.

Mzee alifariki Julai 2007, ameketi, redio imewashwa. Siku za maombolezo Hansa aliitundika nguo sebuleni, nyuma ya picha yake, mbele ya wakwe zake wote, na akawaeleza wazi ilikuwa ya watu gani na kwa nini walihitaji hekalu la kukunja. Mama mmoja wa chuo kikuu amekuwa akija na kamera, anapiga picha madaftari ukurasa kwa ukurasa. Hénock hajaufuta ukuta wake. Juzi aliniuliza kama Hansa anaweza kuupaka rangi upya, kivuli kimeanza kufifia.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja mtu mezani kwangu, mwenye duka la sanaa Randburg, suti ya kitani, kasikia kwamba naijua familia. Aliiona nguo maombolezoni. Akataka nizungumze na Hansa, na mimi nitakuwa na fungu langu. Hansa alishaniambia haiuzwi. Lakini mimi najua, bei ikipanda vya kutosha, mume wa mtu huanza kupigiwa simu na kushawishika.

Nikamwangalia yule bwana, nikakunja kitenge nilichokuwa nakunja.

"Ile nguo ina doa," nikamwambia. "Kona ya chini. Na kipande kimekatwa kwa mkasi. Tena ni rangi za uani, za kuchemsha kwenye pipa. Mimi sikuhakikishii."

Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nilikuwepo. Akaniachia kadi yake, akaondoka.

Sipho alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, amesikia yote. "Eish, Rosalia. Miaka kumi na tatu nakuona unauza hapa, sijawahi kukusikia ukisema kitu kina doa."

"Lipo," nikamwambia. "Nililiona mwenyewe."